GARI LA WAOSHA

Grenda ya kukatia bati ilikuwa imeshafika katikati ya paa. Hapo ndipo tulipoachana: Rukaya binti Rahimu kwenye geti la gereji ya Fundi Mazengo, Kizota, mkoba umemdondoka, na mbele yake Landkruza nyeupe ya marehemu baba yake inakatwa kama mkate.

Kuna mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama Rukaya alizimia. Azimie kwa lipi? Rukaya si wa kuzimia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akashika waya wa umeme, akauchomoa.

Kelele zikakatika.

"Nani kazima?" Sauti ilitoka upande wa pili wa gari.

"Mimi."

Abdulnasiri akajitokeza, mikono mfukoni. Kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Hakuonyesha hata kuona aibu.

"Rukaya, rudi nyumbani. Hizi ni kazi za wanaume."

"Jana uliniambia unalipeleka kumwaga oili."

"Nimebadili mawazo."

"Ubadili mawazo juu ya gari la nani?"

Kwa aliyejiunga nasi leo, jibu la swali hilo si refu. Mzee Rahimu kabla hajafa aliliweka gari lile wakfu. Alitamka kwa mdomo wake, mbele ya watu: libebe maiti, na libebe wanawake wanaokwenda kuosha maiti. Mkewe, Bi Mwanahawa, ameosha wanawake wa Makole na vijiji vya mbali tangu Rukaya hajazaliwa. Sasa Bi Mwanahawa yuko eda, hatoki nje, na kazi imemwangukia binti. Rukaya ndiye dereva, Rukaya ndiye muosha. Nyuma ya gari kuna viti viwili virefu vya pembeni, na pazia la kijani ambalo Bi Mwanahawa alilitarizi mwenyewe kwa uzi mweupe, ili wanawake wakae kwa stara na maiti wa kike asitazamwe njiani. Watu hawaliiti Landkruza. Wanaliita gari la waosha.

Na Abdulnasiri alikuwa analigeuza pikapu ya singo kebini. Mbele dereva na abiria, nyuma bodi la mizigo. Basi.

Fundi Mazengo akashuka kwenye ngazi, miwani ya kuzuia cheche amesukumia kwenye paji la uso. Rukaya alikuwa na hasira za kupasua kifua, lakini alilelewa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Marahaba gani na umeshika grenda? Nani amekuruhusu?"

"Kaka yako kasema mama yenu ameridhia."

"Ulimpigia simu mama?"

Mazengo akafuta mikono kwenye ovaroli. "Sikumpigia."

"Siku baba anatamka wakfu ulikuwepo. Ulikaa palepale, na bilauri ya chai mkononi. Alisema nini?"

"Alisema libebe maiti na wanaowaosha."

"Haya. Mwambie huyu."

Abdulnasiri akacheka kidogo. Kicheko chake kile, msomaji, ndicho kilichomfanya Rukaya atamani kumrushia spana.

"Na maiti litabeba," alisema. "Tena vizuri zaidi. Jeneza unaliweka juu ya bodi, watu wanalishika huku na huku, halina haja ya kusukumizwa kwenye mlango wa nyuma kama gunia. Viti vya nini?"

"Na waosha watakaa wapi?"

"Wapande bodaboda."

Rukaya alimtazama. Alimuwaza Bi Sikudhani, shangazi yao, magoti yameshachoka, amekumbatia ubao wa kuoshea maiti juu ya bodaboda katika mvua. Alimuwaza mama yake, aliyekwenda kuosha hata siku ana homa. Akamsogelea kaka yake hadi akamnusa manukato.

"Hukukata bati, Abdulnasiri. Umetukata sisi. Umekaa ukafikiri ni kitu gani kwenye gari hili hakina maana, ukaona ni wanawake."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha bado."

Viti vilikuwa vimeshang'olewa, vimeegemezwa ukutani. Pazia lilikuwa chini karibu na jeki, limefutiwa grisi. Rukaya akaliokota. Pindo moja lilikuwa limechanika, kipande kimeondoka na tarizi yake. Akadhani limechaniwa hapohapo gereji, nguo nzuri ikigeuzwa tambara hufanywa hivyo. Akalikunja na grisi zake akalibana kwapani.

Matairi ya gari yalikuwa yamegandwa na tope jeusi. Hilo nalitaja mimi. Rukaya hakuliona, maana mtu anayekatiwa paa haangalii matairi.

"Fundi, liunge kama lilivyokuwa," alisema.

"Fundi, chomeka waya, kata," alisema Abdulnasiri. "Nimekupa kazi mimi."

Mazengo akabaki kati. Kabla hajachagua, bajaji mbili zikaingia getini zimefuatana.

Kwenye ya kwanza alishuka Joha, mke wa Abdulnasiri, ushungi umemlegea, macho yamevimba. Nyuma yake Bi Sikudhani, polepole, ameshika kiti cha dereva. Kwenye ya pili walikuwemo wanawake wawili wa kuosha, na ubao umelala juu ya mapaja yao.

Joha hakungoja kufika karibu.

"Tumefiwa."

"Bahi hakufikiki leo," Abdulnasiri akadakia. "Maji yamefunga njia."

Lishikeni neno hilo, mtalihitaji.

Joha akamgeukia, kama hakumsikia vizuri. Akasema, "Ni mama."

Rukaya alimpokea kifuani. Hasira zote akaziweka pembeni kwanza. Bi Anifa, mama yake Joha, alikuwa akiishi kijiji cha ng'ambo ya majaruba ya mpunga, huko Bahi mabondeni. Alfajiri majirani walimkuta ameanguka mlangoni kwake. Wamesema ni presha.

"Kule hakuna muosha mwingine," Joha alisema kwenye bega la Rukaya. "Muosha alikuwa yeye. Wote yeye ndiye aliyewaosha. Sasa mama yangu ataoshwa na nani?"

"Muosha huoshwa," Bi Sikudhani akasema. "Tutakwenda sisi. Wanazika baada ya alasiri, kwa hiyo machozi tutayalia njiani. Rukaya, washa gari."

Kisha akaliona gari. Akalizunguka lote, akarudi aliposimama.

"Hii nini?"

Akagonga bati kwa kiganja.

"Nauliza wanangu, hii nini?"

"Pikapu, shangazi," Rukaya akasema. "Kaka anatengeneza pikapu."

Abdulnasiri akajikohoza. "Shangazi, sikilizeni. Wako wanawake kulekule, wamuoshe wao. Kumwaga maji nani hajui? Sisi tutakwenda siku ya khitma, maji yakipungua."

Joha alijitoa mikononi mwa Rukaya. "Mama yangu amwagiwe maji tu?"

"Mke wangu, njia haipo."

"Kuna Noah za kukodi."

"Wawili nimewauliza," Bi Sikudhani alisema. "Wa kwanza kaniambia mpaka kwenye lami. Wa pili kanicheka. Bonde lile mvua zikinyesha, gari linalolivuka ni la waosha peke yake, na kila mtu analijua hilo. Hata huyu."

Rukaya akamwendea Mazengo.

"Nipe ukweli. Nikiliondoa hivi hivi?"

"Paa limeachana, na nguzo mbili nimeshazigusa. Ukiingia shimo la kwanza, nyuma yote itakuja kukupiga kisogoni."

"Ukiliunga?"

"Kuliunga likae sawa, milango ifunge, ni kesho. Tena nikiwahi."

"Na ukimaliza kukata?"

Mazengo akapima mabati kwa macho. Alijua anaulizwa nini.

"Nikimaliza kukata, mabati ya nyuma yanatoka yote, sakafu inabaki. Nachomea bomba moja nene nyuma ya viti vya mbele, kulishika pande mbili milango isiachie njiani. Viti virefu narudisha kwa bolti zake. Mtanyeshewa, lakini mtafika."

Hapo Rukaya alilia. Sitawaficha. Alilia kwa hasira, machozi ya moto yasiyo na kwikwi. Tangu asubuhi alikuwa anapigania gari lisikatwe, na sasa mtu pekee mwenye sababu ya kulikata alikuwa yeye. Alimchukia kaka yake kwa kumfikisha pale kuliko alivyomchukia kwa paa.

Alikwenda ukutani, akaokota waya, akauchomeka kwa mkono wake.

"Kata."

"Usikate," Abdulnasiri akasema.

Watu wote wakamgeukia.

Alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono ameitandaza. Kile kicheko hakikuwepo tena. Mtu aliyeamka asubuhi akipiga kelele kata, kata, sasa anasema usikate.

"Si salama. Mtakufa njiani. Fundi, acha. Waache walie nyumbani kama wenzao."

"Tangu lini unatuonea huruma?" Rukaya akamuuliza.

"Nimesema lisikatwe."

Mazengo akashusha miwani yake. "Nasiri, leo umeshanidanganya mara moja, nikamkosea baba yako kaburini. Toka hapo cheche zisikuunguze."

Akapanda ngazi. Grenda ikalia.

Ilikata ubavu wa kulia, ikahamia wa kushoto. Mafundi wa gereji wakalishika gamba lile la nyuma kila mmoja kona yake, wakalinyanyua, wakaliweka chini kwenye vumbi na vioo vyake vizima. Bi Sikudhani aligeuza uso. Bomba likachomewa. Viti vikafungwa. Rukaya alikaza bolti mbili za mwisho mwenyewe, maana kusimama tu mikono mitupu alishindwa.

Ubao ukawekwa katikati. Wanawake wawili wa kuosha wakapanda nyuma, wakajifunika turubai alilowapa Mazengo. Bi Sikudhani na Joha wakakaa mbele na Rukaya.

Abdulnasiri akashika ukingo wa bodi, mguu mmoja juu ya tairi.

"Mimi nakwenda. Yule ni mama mkwe wangu."

Joha alimsikia. Akageuka. Nyuma hakukuwa na ukuta wa kumzuia, akamwona mumewe uso kwa uso.

"Wewe ndiye uliyesema likatwe?"

"Nitakueleza."

"Nakuuliza na waosha uliwapangia nini."

Akajibu Mazengo, huku anakunja waya wake. "Bodaboda."

"Basi na yeye apande bodaboda," Joha akasema. "Twende wifi."

Rukaya akaondoa gari.

Kwenye lami upepo uliingia kwa nyuma ukawapiga migongo. Mvua ikawakuta kabla ya Bahi. Hakuna aliyelalamika. Joha alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ndogo, na kila alipokwama Bi Sikudhani alimpokea. Rukaya alishika usukani akimjibu kaka yake kichwani, maneno makali mazuri ambayo pale gereji hayakumjia.

Walipoacha lami wakakuta maji. Jaruba na barabara vilikuwa kitu kimoja. Mzee mmoja mwenye fimbo, suruali amekunja hadi magotini, alikuwa ametangulizwa na wanakijiji kuwaonyesha pa kupita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba. Pitia kulia, usiache kulia, ufuate alama zako za jana kwenye matuta."

Rukaya alidhani mzee amechanganya. "Alama gani, mzee?"

"Si gari lenu hili? Jana magharibi lilipita hapa, likarudi watu wanakula cha usiku. Nilisema mvua hii, nani huyo kama si gari la waosha. Lakini jana lilikuwa na nyuma."

Bi Sikudhani alitazama mbele. Joha alikuwa na Yasini yake, hakusikia. Rukaya akaweka gia ndogo, akaingiza gari majini.

Jana magharibi. Jana lilikuwa linamwagwa oili.

Sasa tope la matairi likamrudia machoni. Udongo wa mjini kwao ni mwekundu. Jeusi lile linaokotwa bondeni tu. Likamrudia na lile neno, Bahi hakufikiki leo, kabla mtu hajataja Bahi, kabla mtu hajataja mama. Akajiambia hapana. Kaka yangu ni mbinafsi, ni mwongo, ana dharau. Hapana, zaidi ya hapo hapana.

Walifika. Wanawake wa kijiji walikuwa wametundika vitenge na mashuka uani kuzunguka kitanda cha kamba, ubao ukawekwa juu yake. Maji ya uvuguvugu yalikuwa tayari, na karafuu maiti imeshasagwa. Joha akaambiwa asubiri nje kidogo atulie, ataitwa amuage mama yake akiwa ameshatengenezwa. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukigusa shuka.

Bi Anifa alikuwa mwanamke mrefu, uso wake mtulivu. Rukaya alimsalimia moyoni, kama mama yake alivyomfundisha: maiti husalimiwa, hutajwa jina, huombwa radhi kwa mkono utakaomgusa. Jingine alilofundishwa na Bi Mwanahawa ni hili. Muosha ana macho na hana mdomo. Atakachokiona juu ya maiti atakufa nacho. Anayetoa siri ya maiti hapewi ubao tena maishani.

Bi Sikudhani alimimina, Rukaya akaosha. Kichwa, kisha upande wa kulia. Alipofika mkononi akakuta kiganja kimefungwa. Kushoto kilikuwa wazi, kulia kimekaza ngumi.

"Mmwagie taratibu," Bi Sikudhani akasema. "Kitalegea."

Rukaya alimimina maji ya uvuguvugu juu ya vidole, akavisugua kimoja kimoja, akimwita kwa jina. Cha mwisho kikaachia.

Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa.

Kijani. Na tarizi nyeupe pembeni.

Hakuhitaji kwenda garini kulilinganisha na pazia. Uzi ule aliujua, sindano ile aliijua, aliifuata kwa macho tangu utotoni akiwa amelala miguuni kwa mama yake. Juu kidogo ya kifundo cha mkono wa Bi Anifa kulikuwa na alama za vidole, nyeusi, za mkono mkubwa.

Kwa hiyo si bodi la mizigo alilolitaka Abdulnasiri. Alitaka waosha wasifike. Alijua gari ni moja tu linalovuka maji yale, na alijua nani atafungua ngumi ile wakifika.

Hasira iliyompanda Rukaya sasa haikuwa ile ya gereji. Ile ilikuwa na maneno. Hii haikuwa nayo.

Bi Sikudhani aliona. Alitazama kitambaa, akatazama alama, akavuta pumzi, akamfunika marehemu mkono.

"Kilichoonekana hapa kinazikwa hapa," alinong'ona.

"Shangazi."

"Ni ahadi yetu, Rukaya. Hata kwa hili. Usinitazame hivyo, hata mimi inaniuma."

Rukaya alibaki na kile kitambaa ndani ya kiganja chake, kimelowa. Akizungumza, amevunja ahadi ya mama yake, na hakuna mwanamke atakayemkabidhi tena maiti wake. Akinyamaza, aliyemwangusha Bi Anifa atakamata jeneza lake alasiri hii, mbele kabisa, kama mkwe.

"Wifi," Joha aliita nyuma ya shuka. "Mama yangu yuko vizuri?"

Jibu la waosha ni moja siku zote. Rukaya alilazimisha ulimi.

"Yuko vizuri, wifi. Anang'aa."

Pikipiki ikaja ikikohoa maji, ikazimika nje ya ua. Nyayo zikakimbia kwenye tope, zikasimama karibu na shuka mno, pale ambapo mwanamume hasimami mwanamke anapooshwa. Kivuli chake wakakiona wote.

"Rukaya." Abdulnasiri alikuwa hana pumzi. "Rukaya, ule mkono wa kulia mmeshaufungua?"

Ndani Rukaya alikifumbata kitambaa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ubao.

Kigoda kikasogea. Joha alikuwa amesimama.

"Mume wangu," alisema, "nani kakwambia mama yangu amekufa amefumba mkono?"